Nyonga izunguke, kiuno kitulie: yoga kwa mcheza gofu

Suala la msomaji:

"Assalamu alaykum mwalimu. Nina miaka 47, ni mhasibu katika hoteli moja Paje, Unguja, kazi yangu ni ya kiti kutwa. Jumapili huenda Mangapwani kucheza gofu, mashimo 9, na nikijisikia vizuri nazunguka mara mbili. Napiga kwa mkono wa kulia. Kuanzia shimo la 5 au la 6 kiuno hukaza upande wa kulia, na usiku wake kugeuka kitandani ni tabu. Mpira nao, hasa nikishika draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, hupinda kwenda kulia. Hotelini kuna darasa la yoga la wageni kila asubuhi na mwalimu wake amenikaribisha. Je, litanisaidia? Nifanye asubuhi ya siku ya mchezo ili mwili ulainike? Na mama watoto anasema hiyo ni ibada ya watu, nisiiguse. Naomba ufafanuzi."

Jibu:

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Yoga itakusaidia, lakini si darasa hilo kama lilivyo, na si asubuhi ya Jumapili. Kwanza tuuangalie mwili unapopiga mpira, maana bila ya hapo utakwenda kunyoosha mahali pasipohitaji kunyooshwa.

Fimbo inaporudi nyuma, mabega hugeuka karibu nyuzi 90 na nyonga karibu 45. Kiuno chenyewe, yaani zile pingili 5 za chini ya mbavu, hakikuumbwa kuzunguka. Kila pingili huzunguka nyuzi moja au mbili tu, na zote kwa pamoja hazizidi sana nyuzi 10 kila upande. Pingili 12 za mgongo wa juu, zile zilizoshikana na mbavu, ndizo zinazotoa nyuzi 30 na kitu, na nyonga hutoa zilizobaki. Mtu wa kiti kutwa hukaza sehemu zote mbili: mgongo wa juu huinama ukagandia hapohapo, na nyonga husahau kuzunguka. Mlango wa bawaba mbili zilizoshika kutu kwa chumvi ya bahari, ukiulazimisha, hupasuka ubao wa katikati. Ubao huo ndio kiuno chako.

Kwa nini upande wa kulia? Fimbo inaposhuka, kifua chako huinamia kulia huku nyonga zikisonga mbele na kuzunguka kushoto. Viungo vidogo vya nyuma ya pingili, upande wa kulia, hubanwa na kusagwa kwa wakati mmoja. Na mambo hayo hutendeka ndani ya takriban robo ya sekunde, kwa mbano unaoweza kufika mara 8 ya uzito wa mwili. Mashimo 9 ni mikwaju arubaini na ushei kwa mchezaji wa kawaida, na bado hujahesabu ile ya kupasha kabla ya kuanza. Ndiyo maana maumivu hayaji shimo la kwanza.

Kuna jambo jengine ambalo wachezaji wengi hawalijui. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, nyonga inayoamua ni ya kushoto. Mguu wa kushoto ukishakita chini, fupanyonga lote lazima lizunguke juu ya kichwa cha mfupa wa paja la kushoto. Nyonga hiyo ikikataa kuzungukia ndani, mzunguko uliobaki hupandishwa kiunoni. Uchunguzi uliofanywa kwa wachezaji wa kulipwa, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta kuwa waliowahi kuumwa kiuno ndio pia waliokuwa na nyonga ya mbele iliyokaza.

Jipime kabla ya kufanya lolote. Keti kwenye kiti kirefu au barazani, miguu ining'inie, magoti yamekunjwa sawasawa, ngumi moja iwekwe baina ya magoti. Bila ya kuachia ngumi na bila ya kuinua tako, peleka unyayo wa kushoto nje, mbali na wa kulia. Ukitoka kwa shibiri moja na zaidi kutoka pale ulipoanza, nyonga iko vizuri. Ukiishia nusu shibiri, imekwama. Pima na wa kulia ulinganishe. Kisha pima mgongo wa juu: keti ncha ya kiti, bana taulo iliyokunjwa baina ya magoti, laza fimbo ya gofu kifuani na uikumbatie kwa mikono iliyopishana. Geuka taratibu kulia, halafu kushoto, na umwombe mtu atazame. Ncha ya fimbo ikizunguka nusu ya robo ya duara, yaani nyuzi 45, umefika. Taulo ikianguka umegeuza magoti, rudia.

Kipimo cha tatu ni kusimama kwa mguu mmoja, sekunde 30 macho wazi. Wengi hushindwa kwa mguu wa kushoto, nao ndio mguu unaotakiwa kumalizia mkwaju juu yake.

Sasa mazoezi. Chukua dakika 25, siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni baada ya Alasiri jua likishapungua makali. Unahitaji mkeka wa mpira, kanga moja, taulo mbili na fimbo yako. Mkeka wa ukili usiutumie juu ya vigae, unateleza na kifundo cha mkono ndicho kitakacholipa. Wala ufukweni si pahala pazuri kwa anayeanza, ingawa picha zinavutia: mchanga laini huzama upande mmoja, kiganja kinapinda, na mizani huwezi kuipima. Ukitaka ufukwe subiri maji yatoke, ufanye juu ya mchanga mgumu.

Anza na mgongo wa juu. Piga magoti, rudisha makalio nyuma yakaribie visigino, weka kigasha cha mkono wa kushoto chini mbele ya goti, na kiganja cha kulia nyuma ya kichwa. Ukitoa pumzi, fungua kiwiko cha kulia kielekee juu, na macho yakifuate. Ukivuta pumzi, rudisha chini. Mara 8 kila upande, polepole, kila mara sekunde tatu kupanda na tatu kushuka. Makalio yanarudishwa nyuma kwa sababu maalumu: kiuno kikishakunjwa hivyo hufungika, na mzunguko hauna pa kwenda ila mgongo wa juu. Mtu akiinua makalio, kiuno hufunguka na zoezi zima huwa kazi bure. Kosa la pili ni kiwiko kwenda juu peke yake huku kifua kimetazama mkeka. Weka mawazo yako kwenye mfupa wa kifua. Huo ndio unaotakiwa kugeuka.

La pili ndilo zoezi kuu kwako, ulipe muda. Keti chini, mguu wa kulia mbele umekunjwa kwa pembe ya mraba, wa kushoto ubavuni umekunjwa hivyohivyo na unyayo ukielekea nyuma. Tako la kushoto litapanda. Liache lipande kidogo, lakini kama unapinduka kabisa, weka taulo iliyokunjwa chini ya tako la kulia. Kaa wima. Kandamiza ndani ya goti na ndani ya unyayo wa kushoto kwenye mkeka kwa sekunde 5, kama nusu ya nguvu zako, kisha legeza na ujaribu kuinua unyayo wa kushoto bila ya kuinua goti. Mwanzoni hautainuka hata kidogo, na paja linaweza kushika mkakamao. Si neno, legeza, pumua, rudia mara 5. Halafu geuka kifua kuelekea mguu wa nyuma na ukae pumzi 5. Badilisha upande, lakini upande wa kushoto nyuma ufanye duru mbili kwa kila duru moja ya kulia. Maumivu yakija ndani ya goti, acha papo hapo: nyonga imekataa kuzunguka na goti limebeba mzigo usio wake. Ongeza taulo, punguza pembe. Mvutano unaofaa husikika ndani kabisa ya kiungo cha nyonga, au ubavuni mwake.

Tatu ni misuli ya mbele ya nyonga, inayofupika kwa kukaa. Goti la kushoto chini juu ya taulo, mguu wa kulia mbele. Kabla ya kusonga mbele, kaza tako la kushoto na uvute mfupa wa kinena juu kuelekea kitovuni. Ukifanya hivyo sawasawa utahisi mvutano mbele ya paja hata hujasonga. Nyoosha mkono wa kushoto juu, kaa pumzi 5, badilisha. Darasani utaona watu wanazama chini sana na kiuno kimepinda nyuma kama upinde. Usiwaige. Wao wanakunja pingili za kiuno, na kwa mtu anayeumwa kama wewe huko ni kulisha maradhi.

Kwa misuli ya nyuma ya paja, lala chali, pitisha kanga iliyosokotwa chini ya unyayo na uvute mguu juu, goti limelegea kidogo, mguu wa pili umenyooka chini. Pumzi 8 kila upande. Hili linachukua nafasi ya kule kuinama kwa kusimama ili kugusa vidole, ambako watu hukunja mgongo na kudhani wamelainika.

Baada ya kulainisha, imarisha. Yoga ya kunyoosha tu humwacha mcheza gofu na viungo vilivyofunguka na hakuna wa kuvizuia. Lala chali, magoti yamekunjwa, inua nyonga hadi mapaja na kifua viwe mstari mmoja, shikilia sekunde 10, mara 8. Kisha lala ubavu, jiinue kwa kigasha na magoti, mwili umenyooka, sekunde 20 kila upande mara tatu. Wiki zikipita nyoosha miguu badala ya kuegemea magoti. Misuli ya ubavu ndiyo breki ya mkwaju. Bila ya breki, viungo vya pingili ndivyo vinavyosimamisha fimbo.

Malizia na mizani. Simama juu ya mguu wa kushoto, laza fimbo mgongoni ikigusa kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio. Inama kutoka nyongani huku mguu wa kulia ukienda nyuma, kwa sekunde 5, rudi kwa sekunde 5. Fimbo ikiachana na moja ya sehemu hizo tatu, mgongo umekunjika, punguza kina. Mara 5 kila mguu. Zoezi hili hufundisha mkao uleule unaotakiwa mbele ya mpira: kuinama kwa nyonga, mgongo ukiwa mrefu. Wachezaji wengi wanaosimama wima ghafla katikati ya mkwaju wanakosa hilo tu.

Mikao ya kukalia visigino usiipe muda mwingi. Mtu anayeketi tahiyatu kila siku tangu utotoni ana magoti na vifundo vya miguu vinavyokunjika bila ya tabu, na hizo dakika ni bora ziende kwenye nyonga.

Kuhusu asubuhi ya mchezo. Kunyoosha kwa kushikilia, hasa msuli mmoja ukishikiliwa zaidi ya dakika moja, hupunguza nguvu ya msuli kwa muda. Kwa wacheza gofu imepimwa: walionyoosha kwa namna hiyo kabla ya kupiga walipoteza kasi ya fimbo, masafa na hata usahihi. Kwa hivyo Jumapili asubuhi hakuna kushikilia chochote. Wewe tena una shida ya ziada: kutoka Paje mpaka Mangapwani ni zaidi ya saa nzima ndani ya gari. Ukiteremka na kushika draiva moja kwa moja, unapiga kwa mwili uliokaa. Fika mapema kwa dakika 20. Tembea dakika 5 kwa haraka. Shika fimbo kama mkongojo, bembeza mguu mmoja mbele na nyuma mara 10, kisha kulia na kushoto mara 10, badilisha. Chuchumaa nusu mara 10. Weka fimbo mabegani nyuma ya shingo, inama kwa nyonga, geuka kulia na kushoto mara 10 ukianza kidogo kidogo. Halafu piga mikwaju ya hewa, mitano kwa nusu ya kasi, mitano kwa robo tatu, na mpira wa kwanza upigwe kwa chuma kifupi, yaani fimbo fupi yenye kichwa cha chuma, si draiva. Kule kushikilia kwa muda mrefu kuna nafasi yake jioni ukisharudi nyumbani: lile la kanga na lile la mbele ya nyonga, kila moja dakika moja na nusu.

Njiani baina ya mashimo, kila unapomsubiri mwenzako, geuka mara mbili tatu upande wa kushoto, yaani kinyume cha unavyorudisha fimbo. Mwili wako unakazwa upande mmoja asubuhi nzima.

Pumzi ndiyo sehemu ya yoga ambayo wacheza gofu huidharau, na ndiyo inayozaa matunda upesi zaidi, hasa kwenye grini, pale penye nyasi fupi kuzunguka shimo. Mtu akikabili mpira wa hatua mbili kutoka shimoni hubana pumzi bila ya kujua. Mabega hupanda, viganja hukaza, fimbo hugonga badala ya kusukuma. Ukiwa umesimama nyuma ya mpira vuta pumzi kwa puani ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, mara mbili. Kisha sogea, toa pumzi ya tatu, na usukume mpira mwishoni mwa pumzi hiyo, kabla hujavuta nyengine. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta hupunguza mapigo ya moyo. Lakini jizoeze nyumbani kwanza, ukiwa umelala chali mkono mmoja juu ya tumbo, dakika 5 mwisho wa kila mazoezi. Pumzi inayojaribiwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu haisaidii kitu.

Mpira kupinda kulia, hapo sitakupa matumaini makubwa. Hupinda hivyo kwa sababu uso wa fimbo uko wazi ukilinganisha na njia ya fimbo, na mara nyingi njia yenyewe hutoka nje kuja ndani. Mgongo wa juu uliokwama huchangia: mabega yasipogeuka, mikono hunyanyua fimbo peke yake na kuiangusha kutoka juu. Hilo mazoezi yatalipunguza. Namna unavyoshika fimbo na uso wake ulivyo, hakuna mkao wa yoga utakaorekebisha. Mtafute mwalimu wa gofu. Na ukisikia kuwa yoga huongeza masafa kwa kadhaa wa kadhaa, pokea kwa tahadhari. Huongeza nafasi ya kuzunguka. Kasi hutoka kwa nguvu.

Turudi kwenye darasa la hoteli. Madarasa mengi ya Paje na Jambiani ni ya mtiririko wa haraka, mkao hadi mkao kwa kila pumzi, kwa sababu mgeni wa siku saba anataka kutoka jasho na kufurahi. Ndani yake kuna kuinama na kuinuka mara nyingi sana, pamoja na ule mkao wa kuketi na kujisokota kwa kujivuta na mkono kwenye goti. Mkono ni mtaimbo; mgongo wa juu ukikataa, kiuno ndicho kitakachosokotwa. Nao ule wa kulala chali na kuangusha magoti upande mmoja hadi yaguse chini, bega likiinuka, una dosari hiyohiyo. Ukienda, mwambie mwalimu kabla darasa halijaanza kuwa kiuno kinauma upande wa kulia kwa gofu, na kuwa utaruka mikao ya kujisokota na ile ya kupinda nyuma sana. Mwalimu anayekusukuma kwa mikono ili ufike chini zaidi, muage kwa adabu. Akikubali kukuangalia peke yako nusu saa mara mbili tatu kwa mazoezi niliyoyataja, utakuwa umepata zaidi kuliko mwezi mzima nyuma ya wageni.

Mama watoto wasiwasi wake hautoki hewani. Yoga ilizaliwa India, na baadhi ya madarasa bado huanza na kumaliza kwa maneno ya dua za huko. Baraza la Maulamaa la Indonesia lililijadili jambo hili mwaka 2009: likakataza yoga yenye ibada na maneno hayo, na likaruhusu ile ambayo ni mazoezi ya mwili tu. Niliyokuandikia hapa ni kugeuza nyonga na kunyoosha paja, hayana neno la kutamkwa. Kwa utulivu wa nyumba, mwonyeshe, na mkitaka hukumu ya dini muulizeni sheikh mnayemwamini, si mimi. Mwezi wa Ramadhani fanya nusu ya mazoezi polepole kiasi cha nusu saa kabla ya futari, ili maji yawe karibu, au saa mbili baada ya kufuturu.

Jipime tena kwa shibiri baada ya wiki 6. Nyonga ya kushoto ikiwa imeongezeka vidole viwili vitatu, endelea. Kiuno kwa kawaida huanza kupoa kabla ya hapo, na shimo la 6 litakuwa kipimo chako kizuri zaidi. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa au presha ya macho asikae kichwa chini, na asibane pumzi katika zoezi lolote. Na wewe, maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti, mguu ukifa ganzi au kulegea, au maumivu yakikuamsha usiku hata wiki ambayo hukucheza, simamisha mazoezi haya na gofu pia, uende ukaangaliwe hospitali. Ganzi ya baina ya mapaja au kushindwa kuzuia haja ni ya kwenda siku hiyohiyo, hata ikiwa saa nane za usiku.